Mtoto Aliyepunga Mkono Badala ya Kulia

Jamani, nitawasimulia, lakini msinicheke mpaka nimalize, maana mkianza mapema nitanyamaza na mwisho wake hamtaujua. Aibu yenyewe niliipata mchana kweupe, kwenye ukumbi uliojaa watu, mbele ya shangazi yangu aliyenilea na mbele ya daktari mkubwa aliyekuwa mgeni rasmi, na kila aliyekuwepo siku ile ana namna yake ya kuisimulia, wengine wanatia chumvi mpaka unashindwa kujua kama ni mimi au ni mtu mwingine, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe niliyeifanya. Na niseme kabisa tangu sasa: pamoja na aibu yote ile, kazi yenyewe naionea fahari hadi leo. Mtanielewa tu.

Miaka ile ndiyo mambo yalikuwa yamefunguka. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapandisha malori yao mpaka kwetu Matiri, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu, na Mbinga mjini kila ukipita unakuta duka jipya, huyu anauza redio, huyu mitumba, huyu anakodisha mikanda ya video. Kaka Menas, jamaa mmoja wa kwetu mwenye kupenda mambo mapya kuliko usingizi, alisikia kampuni moja ndogo ya kahawa inafunga ofisi, akaenda akanunua kompyuta yao pamoja na skana, akatundika kibao cha steshenari, akaniajiri mimi, Benigna, kwa sababu nilikuwa nimesomea upigaji chapa Songea. Kazi yangu ilikuwa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi (za mazishi zilikuwa na haraka zaidi, ila wa harusi ndio walikuwa wakali).

Sasa ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu moja ambayo wale wa kahawa waliiacha, sijui walikuwa wanafanyia nini, labda matangazo. Ilikuwa ya kuchezesha picha. Siku wateja walipokuwa hawapo nikawa naichokonoa, nafungua hapa, nafunga pale, mpaka nikaielewa, na nilipoielewa nikawa sili mchana. Ilikuwa hivi: unakata mtu kwenye boksi la sabuni, lakini humkati mzima, unamkata vipande, kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, mkono wa juu, mkono wa chini, paja, mguu. Unamvisha vipande vya kitenge (fundi cherehani wa jirani alikuwa ananipa masalia), unampaka rangi, halafu kila kipande unakilaza kwenye skana, kinaingia ndani ya kompyuta. Huko ndani unaviunganisha tena begani, kwenye kiwiko, kwenye goti, na unaionyesha mashine mahali pa kukunjia. Hapo umepata karagosi wako. Na kumchezesha humvuti kwa uzi wala humchori tena, unamwandikia amri, mstari kwa mstari: mkono wa fulani unyanyuke kiasi hiki, kwa muda huu, kisha ushuke. Unaandika, unabonyeza, na karatasi inanyanyua mkono yenyewe!

Siku ya kwanza karagosi alipotii nilipiga ukelele mpaka baba mmoja aliyekuja kuchapisha tangazo la msiba akaruka juu ya kiti akidhani ni nyoka.

Basi. Shangazi Odilia ni dada yake baba. Aliondoka Matiri akiwa msichana, akashuka mwambao kufanya kazi ya ukunga kwenye zahanati ya kijiji kimoja kule ziwani, na hakurudi tena. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la pili, ndiye aliyenichukua. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kahawa kwa kuzaliwa na mtu wa usipa, vile visamaki vya ziwani, kwa kulelewa. Shangazi ni mwanamke mfupi, mkavu, hacheki ovyo, na kulia ndiyo kabisa sikuwahi kumwona. Kina mama wakilia chumbani kwake alikuwa anawaambia, "Machozi weka, nguvu toa," na walikuwa wanatii. Nusu ya watu wa kijiji kile walipitia mikononi mwake kabla hawajafumbua macho.

Alipofikia kustaafu, kijiji kikapanga sherehe ya kumuaga. Huyu akasema ataleta mbuzi, hawa wataleta mkeka, kina mama wa ngoma ya kioda wakasema watacheza. Mimi nikawaambia kwenye kikao, mbele ya watu wote, "Mimi nitawaletea maisha yake yote, mtayaona yanatembea." Mwenyekiti akauliza, "Yanatembeaje, binti?" Nikamjibu, "Subirini mwone." (Hebu sikilizeni mdomo huo.)

Nilifanya kazi ile miezi mitatu, kila siku nikishafunga hesabu za duka. Picha yote ilikuwa ya dakika nane hivi, lakini dakika nane zile, jamani! Nilimkata shangazi akiwa msichana, nikamkata akiwa mtu mzima, nikakata vilima vya Matiri na mashimo ya ngoro tunayolimia, nikakata ziwa kwa karatasi ya bluu ya kufunikia madaftari. Nikamkata hata Dokta Alfonsi, mgeni rasmi, na miwani yake, amkabidhi shangazi cheti mwishoni. Na kitovu cha hadithi kilikuwa ni kisa cha kweli ambacho kila mtu kule anakijua: mtoto aliyezaliwa kimya. Mama yake alifikishwa zahanati akiwa amechelewa, mtoto akatoka hapumui, kila mtu akajua basi, lakini shangazi akamshikilia, akampulizia pumzi, akamsugua mgongo, akampulizia tena, mpaka yule mtoto akalia. Mtoto mwenyewe sasa ni Kasto, golikipa wa timu ya kijiji, mtu mkubwa kama mlango, hasemi na mtu. Kilio cha mtoto nilikirekodi kwa redio kaseti kutoka kwa kichanga cha jirani yangu Mbinga akiogeshwa maji ya baridi, na kilikuwa kilio safi, cha kukusimamisha nywele.

Siku moja kabla ya sherehe, Dokta Alfonsi mwenyewe akaja dukani kuchapisha hotuba. Nikamwamkia, "Shikamoo daktari," akaitikia, akaniona nimekaa na makaragosi wangu kwenye kioo cha kompyuta, akainama. Nikamchezeshea yote mwanzo hadi mwisho. Ilienda kama maji. Mtoto alilia, mikono ilinyanyuka, cheti kikatolewa. Daktari akainua kichwa, akasema:

"Binti, hii umefanya wewe? Hapa hapa Mbinga?"

"Ni mimi, daktari."

"Nina masomo ya afya ya kufundisha vijijini. Kunawa mikono, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mabango hayasomwi. Kesho nikiona watu wameelewa kitu chako, tutaongea."

Halafu akaongeza, akicheka tu, bila nia mbaya: "Ila naona amri zote umeziandika kwa Kiingereza. Kumbe shangazi yako wa karatasi hasikii Kiswahili!"

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipoanzia. Neno dogo tu, la utani, lakini liliniingia kama mwiba. Ni kweli amri zote nilikuwa nimeziandika kwa Kiingereza, kwa sababu kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza na mimi nilifuata. Nikajiangalia. Nikasema, mtu wa Matiri, amekatwa kwenye boksi la sabuni ya Tanzania, amevaa kitenge cha fundi wa jirani, kwa nini nimwamrishe kwa lugha ya watu? Nikaamua kubadilisha. Programu ile ilikuwa na uwezo wa kubadilisha neno moja popote lilipo kwa mpigo mmoja, huna haja ya kupitia mstari kwa mstari. Kwa hiyo penye mkono wa upande wa kushoto nikaweka "kushoto". Nikabonyeza. Penye mkono wa upande wa pili nikaweka "kulia". Nikabonyeza. Na penye amri ya kutoa machozi na sauti ya kilio nikaweka...

Naona wengine mmeshaanza kushika vichwa. Ndiyo. Nikaweka "kulia".

Na mimi sikuona! Nililiandika neno lile lile mara mbili ndani ya robo saa, na kila mara nikaliona zuri. Nikaichezesha kidogo kujaribu, sehemu ya mwanzo tu, pale shangazi anaposhuka kutoka Matiri na mzigo kichwani, na pale ni miguu mitupu inayofanya kazi, mikono imeshika mzigo, kwa hiyo ikaenda vizuri kabisa. Nikahifadhi juu ya ile ya zamani. Dakika ile ile umeme ukakatika, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kaka Menas aliniambia nikifunga duka, "Ile uliyoinakili kwenye diski juzi, ichukue pia, huwezi kujua." Nikamjibu, "Ya nini, Kaka Menas? Ile ni ya Kiingereza." (Mpaka leo nikiikumbuka sauti yangu nilivyoisema hiyo, natamani kujizaba kofi.)

Asubuhi nikapata nafasi kwenye gari la daktari, kompyuta nimeifunga blanketi nimeipakata kama mtoto, kioo kiko nyuma katikati ya magunia, tukashuka milima ile mpaka ziwa likatokea chini. Ukumbi wa kijiji ulikuwa umeandaliwa, madirisha yamezibwa kwa mikeka na mablanketi ili kuwe na giza, shuka jeupe limetandazwa ukutani, projekta ya kuazima imewekwa juu ya meza, na jenereta linanguruma nje. Watu walijaa mpaka wengine wamekaa kwenye mabega ya wengine. Shangazi alikaa mbele kabisa na kitenge kipya, mgongo umenyooka kama fimbo, kushoto kwake Dokta Alfonsi. Kasto alisimama nyuma mlangoni kwa sababu hakukuwa na benchi la kumtosha.

Nikasimama, nikatoa hotuba (hakuna aliyeniomba). Nikasema picha hii imetengenezwa na mikono ya hapa hapa, na tena inaendeshwa kwa Kiswahili kitupu. Watu wakapiga makofi. Nikabonyeza.

Mwanzo ulikuwa mtamu kuliko nilivyoota. Vilima vya Matiri vikatokea, ngoro zikatokea, na yule msichana wa karatasi akashuka na mzigo kichwani, na bibi mmoja akapiga kelele, "Ni yeye! Hata mwendo ni wake!" Ukumbi ukavuma. Nikamwangalia shangazi, nikaona kidevu kimenyanyuka kidogo. Kwa mtu kama yeye hicho ni kicheko kikubwa. Nilijisikia mrefu kama mnara.

Kisha shangazi wa karatasi akafika kijijini. Hapo alitakiwa apige goti na kumpa mama mwenyeji mkono wa kulia. Akapiga goti. Halafu, badala ya mkono, machozi mawili makubwa ya bluu yakamtoka, na sauti ya kichanga cha jirani yangu ikajaa ukumbini: ng'aaa, ng'aaa, ng'aaa.

Yule bibi akasema kwa huruma, "Masikini, alikuwa anakumbuka kwao."

Shangazi akageuka kwenye kiti. "Mimi sikulia," akasema. "Nani kasema nililia?"

Lakini nikajiambia ni hapo tu, mbele itakaa sawa. (Ningeweza kuizima pale pale nikasema mashine imeharibika, na hadithi ingeishia hapo. Sikuizima. Nilishajisifu mno.) Sehemu iliyofuata shangazi anawachanja watoto, mkono wa kulia umeshika sindano. Mkono haukutoka. Machozi yalitoka. Watoto wa karatasi wamejipanga mstari, na nesi wao analia kwa sauti ya kichanga, na kila mtoto akifika mbele anazidisha. Watoto wa kweli waliokaa chini wakaanza kucheka kwa kujificha, mama zao wakiwabana midomo, na mama zao wenyewe mabega yanatikisika.

Ndipo tukafika kwa mtoto aliyezaliwa kimya.

Ukumbi ulitulia wenyewe. Watu walikijua kisa kile. Shangazi wa karatasi akamshika kichanga, akainama, akampulizia, na hapo mambo yote yalifanya kazi kwa sababu hapakuwa na mkono wa kunyoosha. Akampulizia tena. Nilisikia watu wanavuta pumzi pamoja naye. Kichanga kimelala. Kimya. Na hapa sasa, jamani, ndipo kilipotakiwa kulia, miezi mitatu mizima niliipanga dakika hii moja, kilio kile kipasue ukumbi, na mimi huku nimeshikilia meza nasema kimoyomoyo, lia, lia mwanangu, lia.

Kichanga kikanyanyua mkono wa kulia, kikawapungia watu.

Kikapunga. Kikapunga tena. Kimelala chali, macho yamefumba, kinapunga taratibu kama kiongozi aliye juu ya gari la wazi. Na kwa sababu nilikuwa nimeandika alie mpaka mama yake acheke, kikaendelea kupunga tu.

Ukumbi ulipasuka. Sijasikia kicheko kama kile tena maishani. Watu walianguka kwenye mabenchi, mwenyekiti akajiziba uso kwa kofia, kina mama wa kioda wakashikana wasidondoke. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Nikamwangalia shangazi, hakucheka, alikuwa anaangalia tu, na sikuweza kusoma uso wake. Nikakimbilia kibodi, nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, kibodi ikakwama, mashine haitaki kusimama wala kusikia.

Na katikati ya kelele ile nikaona vichwa vinageuka nyuma. Kasto, jitu lile lisilosema, lilikuwa limenyoosha mkono wake wa kulia juu, kiganja kama sahani, linampungia mtoto wa karatasi. Hacheki. Anapunga tu, polepole, wanapungiana. Watu wakamwona, kicheko kikapungua, kisha mmoja akanyoosha mkono, na mwingine, wote ambao shangazi aliwapokea, wazee kwa vijana, mpaka ukumbi ukawa mikono mitupu.

Ningependa kuwaambia kwamba iliishia hapo. Haikuishia. Ilikuwa bado sehemu ya cheti.

Dokta Alfonsi wa karatasi akaingia na miwani yake. Alitakiwa anyooshe mkono wa kulia, atoe cheti, na shangazi anyooshe wake apokee. Sasa karagosi wa daktari nilimtengeneza kwa kunakili maelekezo yote ya shangazi, ili nisianze upya, na kumbe nilinakili na machozi. Basi wakasimama wakiangaliana, na wote wawili wakaangua kilio. Daktari machozi yanapita chini ya miwani, yanamwagika mpaka kwenye koti. Na amri ya kuacha niliifungia kwenye mikono, na mikono haikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na kuacha. Ng'aaa, ng'aaa. Mgeni rasmi wa kweli amekaa mbele, ameshikilia hotuba yake, anajiangalia analia kama kichanga kinachoogeshwa.

Nikafanya jambo la mwisho la kijinga siku ile. Nikaruka mbele ya projekta nikatanua mikono kuiziba. Matokeo yake picha yote ikahamia kwangu. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe, na uso wa daktari ukakaa tumboni kwangu, na machozi ya bluu yakawa yanatiririka kwenye blauzi yangu mbele ya kijiji kizima.

"Benigna!" Ilikuwa sauti ya shangazi. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Naam, shangazi."

"Toka hapo. Naangalia."

"Shangazi, imeharibika, nisamehe, sijui kilichotokea..."

"Nimesema toka. Mimi sijawahi kulia mbele za watu, miaka yote hii. Wote unaowaona hapa, na wale ambao hawakuwahi kufika hapa kwa sababu sikuweza kuwaokoa, sijamlilia hata mmoja. Acha huyo anilie."

Nikatoka. Jenereta likaendelea kunguruma na yule shangazi wa karatasi akaendelea kulia, na hakuna aliyecheka tena. Shangazi aliangalia mpaka aliposhiba, kisha akasema, "Haya, zima sasa," na mtu wa jenereta akazima.

Dokta Alfonsi alisimama kutoa hotuba. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema, "Ndugu zangu, mimi nimeshalia mbele yenu, na nimelia kwa sauti. Hotuba yangu haina cha kuongeza." Akampa shangazi cheti, kwa mkono wa kulia, taratibu, akiunyanyua ili uonekane, na watu wakashangilia mpaka mikeka ya madirishani ikadondoka.

Baadaye aliniita pembeni. Nilijua naenda kuliwa mzima. Akaniuliza jambo moja tu:

"Ulipobadilisha, uliijaribu mpaka mwisho?"

"Sikuijaribu, daktari."

"Sisi hatutoi dawa ambayo haijapimwa. Itengeneze, uniletee ofisini. Nitaiangalia yote."

Usiku ule sikuwa na hamu hata ya usipa. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikaenda misa na shangazi, nimejifunika mtandio mpaka puani, huku kichwani nashindana na shida yangu: maneno yote yameshakuwa mamoja, mashine inapokuta jina moja lina kazi mbili inashika iliyoandikwa mwisho, na nilipokuwa nawatengeneza, kwa kichanga mkono ndio niliuandika mwisho, kwa wakubwa machozi. Nitayatenganishaje? Nitarudi kwenye Kiingereza? Hapo tukasimama kusali Nasadiki, na mimi nasali kwa mdomo tu kama kasuku, mpaka tukafika pale anapokaa kuume kwa Baba, nikanyamaza mdomo wazi. Kuume! Ndio huo huo mkono wa kulia! Neno limekaa kinywani mwangu tangu komunyo ya kwanza, nalisema kila Jumapili, na sijawahi kulitumia hata siku moja. Shangazi akanikanyaga mguu ili niendelee kusali.

Niliporudi Mbinga sikuichukua diski ya zamani. Kaka Menas alinisihi, nikakataa, na safari hii sikuwa nakataa kwa kiburi. Nilikaa wiki mbili nikipitia mstari kwa mstari, kila penye "kulia" najiuliza, wewe ni mkono au ni chozi? Mikono yote ikawa kuume. Machozi yakabaki na neno lake. Nikampelekea Dokta Alfonsi, akafunga mlango wa ofisi, akaangalia dakika zote nane bila kukohoa. Mtoto alilia, mikono ilinyooka, cheti kilitoka. Akasema, "Sawa. Lete somo la maji ya chumvi na sukari." Kisha nikiwa nafungasha akaongeza, "Ila mimi nilikuwa nalia vizuri."

Somo hilo lilizunguka na gari lake mpaka Chiwanda huko, na lile la kunawa mikono, na la chandarua, yote kwa makaragosi niliowakata mimi, Benigna wa Matiri, na amri zao zote ni za Kiswahili, kila neno na kazi yake moja. Nilimwona mama mmoja ambaye hajui kusoma akipima chumvi kwa vidole kama alivyomwona karagosi wangu akipima. Siku hiyo nilikaa kwenye gari nikalia (kulia kwa machozi, msije mkanipungia mkono).

Lakini somo nililobaki nalo mimi mwenyewe ni dogo na la kuniaibisha, na nimejiapiza nalo. Kazi yangu haitoki nje siku hizi, iwe picha, iwe kadi ya harusi, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni ananihimiza, kabla sijavuta kiti, nikanyamaza, nikaweka mikono magotini na kuiangalia yote toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu baki aliyealikwa, ambaye hanijui wala hana sababu ya kunihurumia.